Nusu ya Ndoo Moja

Nchi yetu haina makuu. Ipo pale ambapo ramani hukunjwa, na kwa kukunjwa kila siku jina lake limefutika, limebaki doa jeupe tu. Serikali imeahidi kulirudisha jina hilo fedha zikipatikana, na sisi wananchi hatuna haraka, maana tumezoea kuitikia jina lolote tunaloitwa.

Haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Mimi ni karani wa Kata, na kazi ya karani ni kuona, kisha kuambiwa ameona nini, kisha kuandika. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa bila kosa.

Katika mtaa wetu wa Kizibo alikuwapo mjane mmoja, Bi Siwatu binti Feruzi. Zamani alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mpaka Wizara ilipogundua kwamba watoto wakishiba husinzia, jiko likafungwa. Akapata kizimba sokoni, akawa anauza mafuta ya kupima, unga, maharage na chumvi. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyezoea masufuria ya kulisha watu mia tatu.

Miaka sita kabla ya mambo haya, mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, mtaro wa Kizibo ukaziba, maji yakaingia nyumbani kwake mpaka juu ya godoro. Yalipotoka yaliacha chumbani rundo la takataka. Mimi nilitumwa kuandika hasara. Nilimkuta Bi Siwatu amekaa chini anazichambua zile taka kama mtu anayechagua mchele. Aliokota kifuko cha chumvi akakitazama. Akaokota paketi ya mafuta, kisha chupa ya maji, kisha kifuko kingine. Nikamwuliza anatafuta nini. Akaniambia hatafuti kitu, ila anaona kwamba nyingi ya taka zile ni zake mwenyewe. Alizitupa zamani akazisahau, nazo zimerudi nyumbani.

Basi akabadilika, na wala hakumtangazia mtu. Alianza kwenda kununua vitu na kikapu cha ukindu na mifuko mitatu aliyoishona kwa shuka kuukuu. Mafuta ya nyumbani akayatia katika chupa ya kioo, ile ile, mwezi hadi mwezi. Sabuni ya vipaketi akaiacha, akarudi kwenye mche, anaukata vipande na kuvianika vikauke ili visiishe upesi. Vyombo akaviosha kwa dodoki alilolipanda mwenyewe uani. Kiporo hakukifunga kwa nailoni, alikifunika kwa kawa. Vitu vya plastiki vilivyokuwa bado vizima hakuvitupa. Alisema kitu kizima hakitupwi, kitumike mpaka kife. Vikafa kimoja kimoja, ikabaki ndoo ya buluu ya kuogea, ambayo ilikataa kufa.

Baada ya miezi michache akagundua jambo ambalo hakulitafuta: fedha zilikuwa zinabaki. Paketi ndogo ya mafuta ilionekana rahisi, lakini ukizijumlisha paketi zinazojaza chupa moja, unakuta umelipia chupa moja na nusu. Ile nusu umenunua nailoni ya kwenda kuzibia mtaro.

Mtu wa kwanza kuambiwa jambo hilo alikuwa Mwatumu.

Mwatumu alikuja Kizibo na furushi moja na binti mdogo mgongoni. Mumewe alikuwa amekwenda mji mwingine kutafuta kazi, akapata mke. Mwatumu akapanga chumba cha uani kwa Bi Siwatu, akawa analia kila anapopika, kwa sababu alinunua kila kitu kwa vipaketi, na vipaketi vilimaliza fedha kabla ya wiki kwisha. Bi Siwatu alimwita jikoni kwake, akamwonyesha. Wakaanza kununua gunia la mchele pamoja na kuligawana kwa pishi. Mwaka wa pili Mwatumu alikuwa ameweka akiba ya kununua cherehani, akawa anashona mifuko ya mabaki ya vitambaa. Alimwita Bi Siwatu dada. Yule binti akamwita mama mkubwa. Sikukuu walivaa kanga za sare, na ukimwona mmoja ulijua mwingine yuko nyuma anafunga mlango.

Mwatumu alisoma kidogo, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Bi Siwatu kusoma anasoma, lakini kwa kidole. Siku moja Mwatumu alinunua daftari akasema, "Dada, haya mambo yako tuyaandike, wengine wafaidi." Basi ikawa jioni Bi Siwatu anachambua maharage huku anataja, na Mwatumu anaandika: namna ya kuosha chupa, namna ya kuhifadhi unga bila mfuko wa nailoni, vitu gani vinunuliwe kwa gunia na majirani na vipi visinunuliwe kabisa. Wanawake wa mtaa wakaanza kuja Jumamosi kusikiliza. Walikuwa wanne, baadaye wakafika ishirini. Mimi mwenyewe mke wangu alihudhuria, na tangu hapo nilianza kukuta nyama chunguni mara mbili kwa wiki.

Mambo yakiwa hivyo, Serikali ikazinduka.

Waziri wa Usafi, Unafuu na Mengineyo alikuwa amerudi kutoka mkutano wa nchi ya baridi, ambako aliambiwa kwamba plastiki si nzuri. Alituita uwanja wa mpira. Mezani kwake kulikuwa na chupa kumi na moja za maji ya dukani, kila moja imefunguliwa na kunywewa funda moja, kama itifaki inavyotaka. Alisimama akapangusa miwani.

"Ndugu wananchi," akasema, "plastiki ni adui, na adui hapigwi kabla ya kuhesabiwa. Kila kaya itahesabiwa plastiki zake wiki ijayo, na mwisho wa mwaka zitahesabiwa tena. Kaya itakayopunguza nusu itakuwa imeokoa mazingira, imeokoa fedha zake, na imeniokoa mimi."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha akaeleza utaratibu. Kaya itakayopunguza zaidi ya nusu itaitwa Kaya Tukufu na itapewa zawadi. Itakayopunguza nusu kamili ni Kaya Tiifu. Itakayoshindwa ni Kaya Kaidi. Mwenye Kaya Kaidi, akiwa na kizimba sokoni, atanyang'anywa, na atapelekwa darasani afundishwe kupunguza.

Watu wa nchi yetu si wajinga. Jioni ile ile walielewa kwamba huwezi kupunguza usichokuwa nacho, na kwamba mwenye plastiki nyingi ndiye mwenye mustakabali. Bei ya chupa kuukuu ikapanda. Bwana Mbaruku, kinyozi wa mtaa, alikodi mkokoteni akaleta magunia matatu kutoka jalalani, akayamwaga sebuleni mpaka wageni wakawa wanaingilia dirishani.

Mwatumu naye alimjia Bi Siwatu na gunia la chupa kuukuu kichwani. Nilikuwapo, nimekwenda kununua maharage. Alimsihi sana. Alimwambia atandaze zile chupa chini ya kitanda, ahesabiwe, halafu mwezi ujao azitupe, mambo yaishe. Asipofanya hivyo atajiletea balaa bure.

Bi Siwatu alifunga maharage yangu katika kitambaa kwanza. Kisha akauliza, "Na nikizitupa, zitakwenda wapi?"

 Mwatumu akajitwisha gunia lake, akalipeleka chumbani kwake.

Mhesabu aliyeletwa na Wizara aliitwa Bwana Lukelo, Afisa Vipimo. Alikuwa kijana mpole, mwenye futi ya mshonaji shingoni, ingawa sikumwona akipima nguo. Tulipita nyumba kwa nyumba, yeye akihesabu na mimi nikiandika. Kwa Bwana Mbaruku tulikaa saa tano, tukapata plastiki elfu moja mia tisa na kumi na nne. Bwana Lukelo akampa mkono na kumpongeza kwa kuwa na uwezo mkubwa wa kupunguza. Kwa Mwatumu tulipata mia tatu na sita.

Kwa Bi Siwatu alitafuta chini ya kitanda. Akatafuta nyuma ya mtungi. Akafunua sufuria ya mchuzi akachungulia. Mwisho akaiona ile ndoo ya buluu, akaizunguka mara mbili.

"Moja tu?" akauliza.

"Moja," akasema Bi Siwatu.

Bwana Lukelo akavuta pumzi ya huruma. Akaniambia niandike moja, na katika safu ya lengo la mwaka niandike nusu. Bi Siwatu akauliza nusu ya nini. Akaambiwa nusu ya ndoo. Akadhani anataniwa, akacheka, akamkaribisha afisa kahawa. Alikuwa na haki ya kucheka, maana hakuwa na mazoea na Wizara.

Wiki mbili baadaye Mwatumu aliniletea lile daftari ofisini, nilipige chapa. Alisema Wizara inatafuta kitu cha kuwafundishia watu na hana budi kujaribu. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa umeandikwa kwa ule mwandiko mzuri: *Mafunzo ya Dada Siwatu, kama alivyonitajia mwenyewe.*

"Anzia ukurasa wa pili," Mwatumu akaniambia.

Nikaanzia ukurasa wa pili. Karani hachagui ukurasa.

Miezi miwili haikupita, daftari likarudi limekuwa kitabu: *Mwongozo wa Taifa wa Nusu*. Jaladani alikuwapo Waziri amebeba kikapu cha ukindu, amekishika juu chini. Kila nakala ilikuwa imefungwa kwa nailoni ili isichafuliwe na mikono ya wananchi. Ndani kulikuwa na shukrani kwa Waziri kwa maono yake, kwa mke wa Waziri kwa kumvumilia mwenye maono, na kwa mpiga chapa wa Serikali. Mwandishi alikuwa Mwatumu. Maneno mengine yote yaliachwa kama yalivyo, isipokuwa aya moja juu ya kukausha chupa za mafuta. Hiyo iliondolewa kwa sababu ilitaja jua, na jua liko chini ya Wizara ya Nishati.

Bi Siwatu alipata nakala yake sokoni. Alichana nailoni, akakaa juu ya gunia, akaanza kusoma kwa kidole. Mwanzoni uso wake ulikunjuka. Aliwaita wenzake wa vizimba vya jirani, akawaambia watazame, maneno yetu yamekwenda mpaka Wizarani. Alisema "yetu." Alisoma mbele, akasoma nyuma, akarudi mbele tena. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja kwenda kuhudumia wateja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikapu changu.

"Karani," akaniuliza, "kurasa ndizo hizi zote?"

Nikamwambia ndizo zote nilizopewa kupiga chapa. Sikusema uongo.

Alikifunga kile kitabu akakiweka chini ya mizani. Jioni alikwenda chumbani kwa Mwatumu, na baadaye mke wangu alinisimulia yaliyosemwa. Mwatumu alimwambia kwamba jina lake limeachwa na wapiga chapa, kwamba yeye mwenyewe amesikitika sana, kwamba toleo la pili litarekebisha. Bi Siwatu akaamini. Akampikia pilau ya hongera, wakala sahani moja.

Mwatumu akateuliwa Mratibu wa Nusu wa Kata. Akapewa meza mkabala na yangu, muhuri, na viatu. Akahama chumba cha uani. Mwanzo alikuwa akipita kumjulia hali dada yake kila Ijumaa, baadaye Ijumaa moja moja, baadaye akawa ananituma mimi nimpelekee salamu. Nilizifikisha zote.

Mwisho wa mwaka ulipokaribia, mtaa ulipunguza kwa bidii. Watu walibeba magunia yao wakayamwaga mtaroni, na mtaro ulipojaa wakayamwaga korongoni nyuma ya machinjio. Mtaro si kaya, wala korongo si kaya, kwa hiyo hapakuwa na wa kuvihesabu. Bwana Mbaruku alibakiwa na plastiki kumi na mbili tu. Akatangazwa Kaya Tukufu, akapewa redio iliyofungwa kwa nailoni mara tatu. Alilia mbele ya kamera, akasema hakujua kwamba ana uwezo mkubwa kiasi kile.

Siku ya kumhesabu Bi Siwatu, tulikwenda watatu: Bwana Lukelo, Mratibu, na mimi. Ndoo ilikuwa pale pale, nzima, imejaa maji. Bwana Lukelo aliipima kwa futi kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa.

"Mama, kwa nini hukuikata?" akauliza. "Ungeikata ungekuwa Kaya Tiifu."

"Nusu ya ndoo haitunzi maji, bwana."

"Fomu haiulizi habari za maji."

Bi Siwatu akamgeukia Mwatumu, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Akamvutia kigoda. "Karibu, mdogo wangu. Kaa ndani, mlangoni kuna jua."

Mwatumu akasema ahsante, wana nyumba nyingi mbele. Alitazama ukuta, alitazama dodoki lililoning'inia, hakumtazama mwenye nyumba. Nilimpa rejista akaweka sahihi mahali palipoandikwa Kaya Kaidi. Aliisimamisha kalamu kidogo kabla ya kuandika. Nalisema hilo ili haki itendeke.

Barua ilitoka siku ya tatu. Kizimba kimechukuliwa. Mwenye kaya ahudhurie darasa la wakaidi siku sita.

Asubuhi ile Bi Siwatu alikuja ofisini amevaa kanga mpya, kama mtu anayekwenda kwenye posa. Hakuwa na hasira. Nadhani aliamini bado kwamba ni jambo la kueleweshana. Bwana Lukelo alikuwapo, anakunywa chai. Bi Siwatu alisalimia wote, akasimama mbele ya meza ya Mwatumu, akaeleza taratibu kwamba yeye hakukataa kupunguza. Alipunguza kabla ya watu kuambiwa, ndiyo maana hakubaki na cha kupunguza. Na yupo mtu anayejua hayo kuliko wote.

"Mwatumu," akasema, "mwambie huyu bwana ulijifunza kwa nani."

Mwatumu alipanga karatasi zake zikalingana pembe. Kisha akasema, "Mama, ofisi hii inakwenda kwa maandishi."

Hakusema dada. Mama ni neno la heshima, na hakuna anayeweza kulalamika akiitwa hivyo. Lakini niliona mikono mikubwa ya Bi Siwatu ikishika ukingo wa meza.

"Maandishi hayo nilikutajia mimi. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka wangu."

"Kuna shahidi?"

Bi Siwatu akageuka akanitazama. Bwana Lukelo naye akanitazama, kikombe hewani. Nilikumbuka ukurasa wa kwanza, neno kwa neno. Nilikumbuka pia kwamba nimebakiza mwaka mmoja kufikia kiinua mgongo. Nikasema kwamba mimi hupiga chapa kilichowekwa mbele yangu.

Hakunilaumu. Aliketi kwenye benchi la wageni kwa muda, ametulia, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake na hajui basi lingine litapita lini. Kisha akaaga, akaenda kuondoa magunia yake kizimbani.

Darasa lilifanyika katika ukumbi wa Kata. Wakaidi walikuwa kumi na wanane. Alikuwapo mzee aliyekuwa na jagi moja maishani mwake, wanandoa wawili waliokuwa na beseni la kuchangia, na mama mmoja aitwaye Hidaya, mfua nguo, ambaye aliandikiwa plastiki tatu na kushindwa kufikia moja na nusu. Wote walikuwa watu wasio na kitu. Bwana Lukelo alifurahi sana, akasema Wizara sasa imegundua ukaidi unakoishi.

Mwatumu alifundisha kwa Mwongozo, akisoma ukurasa baada ya ukurasa. Bi Siwatu alikaa nyuma kabisa na kusikiliza maneno yake mwenyewe.  Siku tatu niliita majina asubuhi na jioni, naye akaitika "nipo."

Siku ya nne Hidaya alinyoosha mkono. Alisema ameufuata Mwongozo kama ulivyo. Ameacha paketi, amenunua mafuta ya kupima, ameosha chupa na kuyatia humo humo. Mafuta yameharibika, yamenuka, ameyamwaga. Akarudia, yakaharibika tena. Sasa amepoteza fedha kuliko alizokuwa akipoteza kwa paketi, na watoto wamekula mboga ya kuchemsha mwezi mzima. Aliuliza kwa adabu amekosea wapi.

Mwatumu akafungua Mwongozo. Alijua jibu. Alilijua kwa mikono yake, maana miaka mitano aliosha chupa hizo uani kwa Bi Siwatu na kuzipanga juani. Lakini Bwana Lukelo alikuwa amekaa mstari wa mbele na faili, na Mwongozo ulikuwa na sahihi ya Waziri. Akapitisha kidole ukurasani mpaka chini.

"Mwongozo hauna kosa," akasema. "Huenda mafuta yenyewe ndiyo mabovu. Ununue kwingine."

Hidaya akaitikia, akakaa, akaanza kufuta macho kwa ncha ya kanga.

Bi Siwatu akasimama. Hakupaza sauti. Alimwambia Hidaya kwamba chupa ioshwe kwa mchanga na maji ya majivu, isuuzwe, kisha ipinduliwe juani kutwa nzima mpaka ndani pasibaki tone. Tone moja la maji linatosha kuharibu mafuta yote. Mafuta si mabovu, wala yeye hakukosea, ila kaambiwa nusu ya jambo. Wakaidi wote wakatoa kalamu, asiye na karatasi akaandika kiganjani.

Bwana Lukelo alipekua Mwongozo wake, akapekua tena. "Jambo hili halimo," akasema. "Mama, umelitoa wapi?"

 Bi Siwatu hakumjibu yeye. Alimtazama Mwatumu, akamtazama kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu ya kikarani yale hayakuwa macho ya kumshtaki. Yalikuwa macho ya mtu anayeshikilia mlango wazi ili mwingine apite.

"Mwulize mwalimu," akasema.

Bwana Lukelo akageuka. Mwatumu alilamba midomo.

"Sijui alikolitoa," akasema.

Bi Siwatu akakaa. Tangu wakati huo, nilipoita jina lake, alinyoosha mkono tu. Katika mtihani wa mwisho alipewa arobaini na tisa kwa mia, kwa kosa la kujua nje ya Mwongozo.

Kizimba chake kilikuwa kimekwisha pata mtu. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani na kuandikwa Duka la Mfano la Nusu, na mwenye leseni alikuwa kaka yake Mwatumu, ambaye hatukupata kumwona. Waliuza mifuko ya kitambaa, kila mmoja ndani ya nailoni yake. Waliuza pia madumu madogo ya plastiki yenye muhuri wa Wizara, maana ilikuwa imepitishwa kwamba mafuta ya kupima hayaruhusiwi kumiminwa katika chombo kisicho na muhuri. Dumu lilikuwa ghali kuliko mafuta yaliyomo. Wanawake wengi wa Jumamosi walirudi kwenye paketi. Nyumbani kwangu nyama ilirudi mara moja kwa wiki, kisha ikaacha kuja.

Siku ya sita, darasa lilipokwisha, watu walitawanyika. Nilibaki ngazini na rejista, nangoja Mratibu aifunge. Bi Siwatu alikuwa anashuka na kikapu chake. Mwatumu akatoka mbio ukumbini, viatu vikimpwaya, akamshika mkono.

"Dada," akamwita.

Maneno yalimtoka kwa wingi. Alisema dukani anahitaji mtu wa kupima mafuta, mtu ambaye wateja wanauamini mkono wake, akae nyuma tu, asionekane na Lukelo, mshahara atapata kila mwezi. Alisema Wizara inataka toleo la pili, na ile njia ya majani ya kuzuia wadudu kwenye unga, ambayo hawakuiandika daftarini, ameisahau nusu, hajui ni majani gani yanatangulia. Alisema mtoto yuko shule ya bweni na anamwulizia mama mkubwa. Kisha akaanza kulia, na kilio kilikuwa cha kweli, mimi nakijua cha uongo kwa sababu ya kazi yangu.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje, dada? Sikuwa na kitu. Unajua sikuwa na kitu."

Bi Siwatu alimwacha amalize. Akautoa mkono wake polepole kwenye ule mkono mwingine, kidole kwa kidole, asimuumize.

"Miaka sita natoa nyumbani kwangu vitu visivyonifaa," akasema. "Nilidhani nimemaliza."

Akaning'iniza kikapu mkononi, akashuka ngazi zilizobaki, akavuka barabara. Hakugeuka. Mwatumu alisimama pale mpaka kanga ile ilipopotea nyuma ya ukuta wa msikiti.

Rejista ilikuwa wazi mikononi mwangu. Utaratibu wa Wizara unataka kila mkaidi afungiwe safu yake siku ya sita, amepunguza au hakupunguza, na idadi. Nikamwuliza Mratibu nimwandikeje Bi Siwatu.

Alijifuta uso kwa kiganja. "Andika amepunguza."

"Amepunguza ngapi?" nikauliza, maana ile safu haikubali kubaki tupu.

Aliutazama tena ule ukuta wa msikiti.

"Andika kimoja," akasema.

Nikaandika kimoja, nikapiga muhuri.